Mbwa Mzee Asiyeweza Kusimama Asubuhi

Tulikuwa kwenye mkutano wa kikundi kimoja upande wa Molo, tukiongea juu ya ghala la mahindi na wizi wa kuku. Mama mmoja akainua mkono akasema, "Madam, sisi kwetu tuko na mlinzi, lakini siku hizi hata kusimama ni shida." Watu wakaangua kicheko, wakidhani anamsema mzee wake. Kumbe alikuwa anasema mbwa.

Mbwa huyo alikuwa na miaka kama kumi. Alilinda boma tangu watoto wakiwa nasari. Sasa asubuhi, hasa kuanzia Juni hadi Agosti baridi ikizidi, anajikokota kwa miguu ya mbele kwanza, ya nyuma inafuata baadaye. Mzee wa nyumba alikuwa ameshasema mbwa asiyefanya kazi asile ugali. Alitaka kutia dawa ya kupe kwenye kipande cha nyama amalize mambo.

Najua wengine watauliza, mbona tuandike juu ya mbwa na watu wana njaa? Lakini ulizeni ni nani anayelinda hao mbuzi wa kikundi usiku. Mimi si daktari wa mifugo. Haya nimejifunza kutoka kwa maofisa wa afya ya mifugo tunaotembea nao vijijini.

Mahali mifupa miwili inapokutana kuna gegedu, kitu laini kinachozuia mifupa isisuguane, na ute unaolainisha. Miaka ikienda, gegedu huchakaa, kiungo huvimba na mfupa huota vinundu pembeni. Mbwa mwenye mwili mkubwa huanza mapema, pengine akiwa na miaka saba au nane. Aliyewahi kugongwa na pikipiki au kupigwa rungu kwenye nyonga huanza mapema zaidi. Kiungo kilichochakaa hakirudi kuwa kipya, lakini maumivu yanaweza kupunguzwa, na mbwa akaishi vizuri miaka mingine.

Mbwa hasemi, na mara nyingi hata halii. Utamjua kwa kuangalia: anakuwa mgumu akitoka kulala, halafu akitembea kidogo analegea. Haruki tena mtaro. Analamba goti moja kila wakati. Mapaja ya nyuma yanakonda. Na jambo la kuangalia sana ni kwamba mtoto akimshika mgongoni anageuka na kutaka kuuma. Siyo ukali, ni maumivu. Waambieni watoto wasimpande wala kumvuta mkia.

Hapa lazima tutofautishe na kichaa cha mbwa. Ugumu wa uzee huja polepole, kwa miezi. Kichaa huja kwa siku chache: tabia inabadilika, mate yanatiririka, taya linalegea, hawezi kumeza, miguu inapooza. Mbwa wa namna hiyo usimguse wala usimtie mkono mdomoni ukidhani amekwamwa na mfupa. Mwite ofisa wa mifugo. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, halafu aende hospitali siku hiyo hiyo akachomwe chanjo. Na mbwa mzee naye achanjwe kila mwaka kama wengine. Kama miguu imelegea ghafla na ana homa, inaweza pia kuwa ugonjwa wa kupe, ambao una dawa yake.

Sasa matunzo. Kwanza ni mahali pa kulala. Mbwa wengi wetu hulala juu ya simiti au udongo wenye unyevu, na kiungo kibovu hakipendi baridi. Chukua gunia, lijaze nyasi kavu au maranda ya fundi wa mbao, uliweke juu ya mbao, mbali na upepo. Lianike juani kila wiki, usije ukafuga viroboto. Pili, mfungue. Mbwa anayefungwa mnyororo mchana kutwa anakauka. Mtembeze mara mbili kwa siku, mwendo mfupi, bila kumkimbiza. Asubuhi ya baridi unaweza kumkanda kiungo kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, siyo ya moto, dakika kumi hivi. Kata kucha zikirefuka.

Chakula ni kwa kiasi. Ukipapasa mbavu uzihisi, lakini zisionekane kwa mbali. Mbwa mnene anabeba mzigo juu ya viungo vinavyouma. Omena kidogo kwenye ugali ni nzuri, osha chumvi na mchanga kwanza. Kuna vidonge vya glukosamini vinauzwa mjini, lakini ushahidi wake ni hafifu, na mimi nisingetumia pesa za kikundi huko.

Jambo linaloniuma ni dawa za watu. Miaka iliyopita jirani yangu alimwonea huruma mbwa wake akampa vidonge vya ibuprofeni vilivyobaki nyumbani, asubuhi na jioni. Siku ya tatu mbwa alitapika damu, na hakupona. Ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Panado nayo huharibu ini la mbwa ikizidi, na paka huuawa hata na kidonge kimoja. Zipo dawa zake, kama kaprofeni na meloksikamu, ambazo daktari wa mifugo hupima kwa uzito wa mbwa na kutoa pamoja na chakula. Usichanganye mbili. Akianza kutapika, kukataa kula au kutoa kinyesi cheusi kama lami, simamisha dawa, umwite daktari.

Maji pia. Visima vingi vya Nakuru vina floraidi nyingi, ndiyo maana meno yetu yana rangi ya kahawia. Ikikaa mwilini miaka mingi hukaza mifupa na viungo vya watu na mifugo. Mradi wa maji wa Jimbo Katoliki la Nakuru umetengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa kwa ajili hiyo. Ukiwa na maji ya mvua au ya kichujio, kunyweni nyinyi, na mbwa naye amwagiwe kidogo.

Ikifika siku hawezi kusimama kabisa wala kula, daktari ana sindano ya kumlaza bila mateso. Sumu kwenye nyama ni mateso, sheria ya wanyama, Sura ya 360, haiiruhusu, na nyama hiyo yaweza kuokotwa na mbwa wa jirani au mtoto.

Gharama ya kumleta daktari inatisha mtu mmoja. Wale wa Molo walichanga nauli, akaja siku moja akaona ng'ombe, akachanja mbwa wote, na yule mzee akapimwa. Siku hizi analala kwenye gunia karibu na jikoni, na mgeni akifika langoni, anabweka akiwa amelala.