Majina ya uongo katika orodha ya wadeplase: namna ya kuyazuia bila kumfukuza mwenye haki



Kashebere iko mpakani mwa Masisi na Walikale. Vita vikiwaka upande mmoja, watu hukimbilia upande wa pili, na wengi hupitia hapa au hubaki hapa. Wengine hulala kwa ndugu, wengine kanisani au shuleni, wengine hujenga vibanda vya majani. Kisha inasikika habari kwamba shirika linakuja kuandika watu. Tangu siku hiyo, karatasi moja yenye majina inaweza kuleta chakula, na inaweza pia kuleta ugomvi.

Katika makala hii tunaeleza namna majina ya uongo yanavyoingia katika orodha za wadeplase (wakimbizi wa ndani), kwa nini yanaharibu amani, na namna jamii yenyewe inavyoweza kuyazuia.

Jina la uongo ni lipi?

Katika kazi yetu tunakutana na namna hizi:

- Jina lisilo na mtu. Mwandishi au kiongozi anajaza majina ya watu wasiokuwepo, ili jetoni zao zibaki mikononi mwake.
- Mtu mmoja, majina mawili. Anaandikwa kambini kwa jina la baba, halafu anaandikwa kijijini kwa jina la ubatizo.
- Watoto wa kuazima. Familia ya watu watatu inaonyesha watoto sita, na kesho watoto wale wale wanaonyeshwa katika nyumba nyingine.
- Mkaaji anayejiita mdeplase, ingawa hajakimbia mahali popote.
- Jetoni iliyouzwa. Mfanyabiashara ananunua jetoni za wenye njaa kwa bei ndogo, halafu anatuma vijana kuchukua vitu siku ya kugawa.

Lakini tuwe waangalifu. Mama ambaye ni mke wa pili, mwenye kibanda chake na jiko lake, si jina la uongo. Baba anayerudi shambani mchana kutafuta mihogo na kulala kambini usiku si mwongo. Mtoto aliyefika peke yake na kupokelewa na jirani si mtoto wa kuazima. Watu hawa ndio wa kwanza kufutwa pale ambapo ukaguzi unafanywa kwa haraka.

Kwa nini ni rahisi kudanganya?

Sensa ya mwisho ya nchi yetu ilifanyika mwaka 1984. Hakuna kitabu kinachoonyesha nani anakaa wapi. Kwa miaka mingi kadi ya mchaguzi ndiyo imetumika kama kitambulisho, lakini wengi huiacha nyumbani wanapokimbia risasi usiku, au inaungua pamoja na nyumba. Desemba 2023 wilaya za Masisi na Rutshuru hazikupiga kura kwa sababu ya vita. Kwa hiyo mtu wa Masisi anaweza kukosa kadi mpya bila kosa lake.

Tena watu wanahama mara nyingi. Orodha iliyokuwa ya kweli mwezi uliopita inaweza kuwa ya uongo leo, hata kama hakuna aliyedanganya. Februari 2025, kambi za pembeni mwa Goma kama Bulengo na Lushagala zilipovunjwa, watu walitawanyika kwa siku chache, na orodha za kambi hizo hazikuonyesha tena mahali walipo.

Si jambo jipya

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1994, wakati wakimbizi wa Rwanda walipojaa kando ya Goma, katika kambi za Mugunga, Katale na Kibumba. Mwanzoni chakula kiligawanywa kwa kupitia viongozi wa wakimbizi. Baadhi yao walitaja hesabu kubwa kuliko watu waliokuwepo, wakabaki na ziada, na kwa ziada hiyo wakaongeza nguvu zao juu ya watu. Aliyeshika orodha ndiye aliyeshika kambi. Baadaye watu walihesabiwa upya, na njia ya kugawa ikasogezwa karibu na familia zenyewe.

Mwaka 2020 habari nyingine ilijulikana duniani. Gazeti la The New Humanitarian lilieleza kuhusu udanganyifu uliogunduliwa mwaka 2018 katika msaada wa haraka hapa mashariki mwa Kongo. Baadhi ya wafanyakazi wa misaada, wafanyabiashara na viongozi wa vijiji walishirikiana kuongeza hesabu ya wadeplase ili wagawane faida. Hasara ya shirika moja peke yake ilihesabiwa kuwa zaidi ya dola 600 000.

Mifano hii miwili inatufundisha kwamba uongo mkubwa hautoki kwa mama mwenye njaa anayeongeza mtoto mmoja. Unatoka pale ambapo kalamu, stoo na muhuri viko mkononi mwa watu wachache, na hakuna anayewauliza.

Madhara kwa amani

Tuseme familia 400 za kweli zimefika, na orodha ina majina 500. Shirika lina mabashi 400 tu, na linagawa kwa kufuata orodha. Yale majina 100 ya uongo yakitangulia, familia 100 za kweli zitalala nje kwenye mvua. Hazitasema kwamba karatasi ina kosa. Zitasema kwamba kabila fulani limependelewa, kwamba chifu amekula, au kwamba wenyeji hawatutaki. Wenyeji nao, ambao wamegawana sahani na wageni tangu siku ya kwanza, wakiona mabashi yanauzwa sokoni, watasema wadeplase ni wafanyabiashara.

Na shirika likigundua uongo, mara nyingi husimamisha kazi yote mpaka uchunguzi uishe. Hapo mwenye haki na mdanganyifu wanakosa pamoja, ila mdanganyifu ameshauza.

Namna ya kuzuia

1. Kuandikishwa ni bure. Hili lisemwe mbele ya watu wote, kanisani, msikitini na sokoni, kabla kazi haijaanza. Anayedai pesa, kuku, au mwili wa mwanamke ili aandike jina, anafanya kosa na ashtakiwe.

2. Wanaoandika wasiwe wanaogawa. Mtu mmoja akiandika, akahakikisha na akagawa, hakuna wa kumkagua.

3. Andika siku moja, mahali pote. Kambi, shule na familia pokezi zikiandikwa kwa wakati mmoja, mtu hawezi kutembea kutoka hapa hadi pale na watoto wale wale. Njia nyingine ni kupita alfajiri nyumba kwa nyumba, bila kutangaza saa, na kuwaona watu pale wanapolala.

4. Uliza maswali ya nyumbani. Aliyetoka kijiji fulani anajua mto wanaochota maji, siku ya soko, jina la shule, na njia aliyopita. Asiyetoka huko anaweza kujifunza jibu moja, lakini si majibu matano. Njia ya mwongo ni fupi. Mwulizaji awe mtu anayeijua nchi hiyo, na aulize kwa upole, maana aliyeona maiti njiani anaweza kusahau hata jina la mto.

5. Weka mashahidi mchanganyiko. Kamati ya kuhakikisha iwe na wadeplase na wenyeji, wanawake na wanaume, na watu wa makabila mbalimbali. Chifu awepo kama shahidi, lakini asiwe na neno la mwisho peke yake.

6. Soma orodha mbele ya watu, lakini kwa akili. Majina ya wakubwa wa familia yakisomwa, jirani atasema: «Huyu simjui.» Lakini usisome kijiji alikotoka mtu, wala kabila, wala kwamba mama fulani anaishi peke yake au amebakwa. Orodha ya namna hiyo ikifika kwa wenye silaha inaweza kuua. Mwenye wasiwasi aruhusiwe kuhakikishwa faraghani.

7. Acha mlango wa malalamiko wazi. Baada ya orodha kusomwa, zipite siku chache kabla ya kugawa. Aliyesahauliwa aje, na anayejua uongo aje pia bila jina lake kutajwa. Hakuna anayefutwa kabla ya kusikilizwa.

Je, mashine haziwezi kutusaidia?

Mashirika kama PAM na OIM hutumia mashine za kusoma alama za vidole. Zinasaidia sana kumkamata anayejiandikisha mara mbili. Lakini mashine haijui kama mtu amekimbia kweli au ametoka sokoni. Vidole vya mkulima mzee vilivyochakaa kwa jembe wakati mwingine havisomeki, na hapo inabidi iwepo njia nyingine ya kumtambua. Pia wadeplase wana haki ya kuuliza: alama zetu zinawekwa wapi, na nani ataziona?

Kwa viongozi na kwa familia

Viongozi wa vijiji na wa kambi, tunajua mnaelemewa. Watu wenu wanawalilia usiku na mchana, na mnaona kwamba mkiongeza hesabu mtapata zaidi kwa ajili yao. Lakini shirika likikuta uongo mara moja, halitaamini hesabu yenu ya kweli mwaka ujao. Bora kusema: «Tuko 400, na bashi hazitoshi», kuliko kusema 500.

Familia, msiuze jetoni kabla ya kupokea, na msimpe mtu mwingine watoto wenu ahesabiwe nao. Mkiona jina msilolijua, ulizeni kwa utulivu mbele ya kamati, si kwa fimbo. Na mkimwona mama mgeni asiye na kadi, aliyekaa nyuma ya mstari bila mtu wa kumtetea, mpelekeni mbele mkaseme mlimwona akifika. Ushahidi wa jirani ndio kitambulisho alichobaki nacho.