Utepe Umekatwa, Mafuta ya Ambulensi Je?

Hapa kwetu Pwani hatuna uhaba wa miradi ya afya ya mama. Kila baada ya miezi michache waja wageni, hema lasimamishwa, ngoma yachezwa, utepe wakatwa, na jengo jipya la kujifungulia lafunguliwa au ambulensi mpya yakabidhiwa. Picha zapigwa, hotuba zatolewa, watu watawanyika. Mwaka mmoja baadaye, ukiuliza mradi ule umeokoa mama wangapi, humpati wa kukujibu.

Nimefanya kazi miaka kadhaa katika miradi ya namna hii, kuanzia zahanati za Tana Delta hadi kambi za wakimbizi za Dadaab. Swali ninaloulizwa sana, mskitini, sokoni na hata kwenye matanga, ni hili: pesa zote hizi zaenda wapi, mbona bado twawazika mama zetu? Ni swali la haki. Leo nataka nilijibu kwa kueleza mradi wa afya ya mama wafanya kazi vipi, na wakwama wapi, ili wewe msomaji ujue la kuuliza siku utakapoitwa kwenye kikao.

Kinachoua ni muda

Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba Kenya hupoteza mama 355 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Lengo ambalo dunia imejiwekea ni kushuka chini ya 70 ifikapo 2030. Tuko mbali.

Sababu za vifo hivi zajulikana, na nyingi zina tiba ya bei nafuu. Kubwa yao ni kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Kisha kuna kifafa cha mimba kinachotokana na presha kupanda, maambukizi, uchungu uliokwama kwa sababu mtoto hawezi kupita, na mimba kutolewa kwa njia hatari. Tofauti iko kwenye muda. Maambukizi huchukua siku kadhaa kumwangusha mama. Damu haingoji hivyo: mama anayevuja damu nyingi bila kutibiwa aweza kufariki kwa muda wa kama saa mbili tu.

Ukiishika hesabu hiyo ya saa mbili, umeshaelewa nusu ya kazi yetu. Mradi wa afya ya mama ni mpango wa kushindana na saa. Jengo, gari, dawa na semina vina faida pale tu vinapoupunguza muda kati ya hatari kuanza na mama kutibiwa.

Kuchelewa kwa aina tatu

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba mama hufa kwa kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mpaka leo ndiyo ramani tunayoitumia.

Kuchelewa kwa kwanza ni kwa nyumbani. Uchungu waanza usiku, mume yuko baharini au yuko kazini Mombasa, simu yake haishiki. Mavyaa asema tungoje kukuche, yeye alizaa saba nyumbani na hakufa. Hakuna mwenye nia mbaya hapo, ila saa zapita. Mradi mzuri hauji kumgombeza mavyaa. Humkalisha chini pamoja na mume na mja mzito mapema, mimba ikiwa ya miezi saba, wakakubaliana: tutakwenda hospitali gani, kwa chombo cha nani, nauli iko wapi, na mume asipokuwepo nani ana ruhusa ya kuamua. Hapo ndipo wahudumu wa afya ya jamii wanapofaa, wale 100,000 waliozinduliwa nchi nzima Septemba 2023. Na mkunga wa nyumbani tusimfukuze. Watu wamwamini. Mpe kazi ya kumsindikiza mama hospitalini na kumkanda mzazi akirudi, badala ya kumzalisha gizani.

Kuchelewa kwa pili ni kwa njiani. Kuna kipimo cha kimataifa kinachosema watu 500,000 wahitaji angalau vituo vitano vya dharura ya uzazi, kimoja kati yao kiwe na upasuaji na damu. Kwenye karatasi ni kipimo kizuri. Sasa kilete kwetu. Mombasa ina watu zaidi ya milioni moja na laki mbili katika kilomita mraba kama 220. Tana River ina watu kama 316,000 waliotawanyika katika zaidi ya kilomita mraba 35,000. Ukigawa vituo kwa idadi ya watu peke yake, Tana River itaonekana haina shida kubwa, na mama wa kijiji cha mbali atakufa ndani ya takwimu nzuri. Kwa kaunti kama hizi, gawa kwa saa: kutoka kijiji hiki mpaka kwenye chumba cha upasuaji ni saa ngapi, usiku, wakati wa mvua?

Lamu nayo ina hesabu yake. Mama wa Kizingitini au Ndau hangoji gari, angoja boti. Maji yakiwa yametoka, au kusi ikivuma, safari yabadilika. Kiunga ni mbali zaidi, na njia ya nchi kavu kupitia msitu wa Boni ina hofu ya usalama. Mahali kama huko, boti ya haraka peke yake haitoshi. Kinachosaidia ni nyumba ya kusubiria karibu na hospitali, ambako mja mzito mwenye dalili za hatari hukaa wiki mbili za mwisho. Ni chumba, kitanda, mahali pa kupikia na mtu wa kukaa naye. Hakina fahari ya kukatiwa utepe, lakini chamwondolea mama safari ya usiku.

Kuchelewa kwa tatu ni kwa ndani ya hospitali, na hapa nataka tukae kidogo. Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulionyesha kwamba uzazi 62 kati ya 100 ulisimamiwa na mtu mwenye ujuzi. Ule wa 2022 ulionyesha 89. Ni hatua kubwa, na mama zetu wastahili sifa kwa sababu waliitikia wito. Lakini maana yake ni kwamba wengi sasa wafika. Tukiendelea kutumia pesa zote kuwaambia "nendeni hospitali," twawasukuma kwenye mlango ambao ndani yake pengine hamna kitu.

Chukua mfano wa sindano ya oksitosini, inayokaza tumbo la uzazi ili damu ikome. Yatakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Katika joto letu la Pwani, ikikaa nje ya baridi kwa muda mrefu, dawa ile yapungua nguvu, na muuguzi hawezi kujua kwa kuitazama. Atachoma sindano, na damu itaendelea kutoka. Kwa hivyo meneja wa mradi ahitaji kujua friji, kipimajoto na jenereta kabla ya kujua mabango. Ipo pia kabetosini isiyoharibiwa na joto, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019. Kaunti zenye joto na stima ya kubahatisha zina kila sababu ya kuiulizia.

Na si lazima kitu kiwe ghali. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Wauguzi walipewa plastiki yenye alama za kupimia damu, hutandikwa chini ya mama anapojifungua, na wakafunzwa kutoa matibabu yote kwa pamoja mara tu damu inapopita kiwango, bila kungoja dawa moja ishindwe ndipo wajaribu nyingine. Visa vya damu kutoka kupita kiasi na madhara yake makubwa vilipungua kwa asilimia 60. Dawa zilikuwa zilezile tulizozizoea. Kilichobadilika ni kipimo na haraka.

Mafuriko yakija

Watu hudhani wakati wa janga kazi ya uzazi yaweza kungoja, kwanza chakula na mahema. Lakini mimba haisubiri maji yapwe. Novemba 2023 mafuriko ya Tana yalipokata barabara ya Garsen kwenda Lamu, wanawake waliokuwa na miezi tisa hawakubaki na miezi tisa.

Kwa ajili hiyo kuna mpango wa kimataifa wa huduma za kwanza za uzazi wakati wa dharura, uliotungwa miaka ya 1990 na unaotakiwa kuanza ndani ya saa 48. Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme kambi ina watu 10,000 na kiwango cha uzazi ni watoto 40 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Hao ni watoto 400 kwa mwaka, kama 33 kwa mwezi. Kati ya mama 33, twatarajia kama watano kupata matatizo makubwa. Basi kabla ya lori la kwanza kuondoka, meneja ajua: vifurushi 33 vya kujifungulia kwa usafi, vyenye sabuni, wembe mpya, uzi wa kufungia kitovu na plastiki ya kulalia, dawa za watu watano, na chombo cha kuwavusha hao watano usiku na mchana.

Katika dharura hizi nimeona mashirika matano yakigawa vifurushi kijiji kimoja, na hakuna hata moja lililokodi boti. Ndiyo maana jambo la kwanza kabisa katika mpango ule ni kuteua shirika moja la kuongoza huduma za uzazi na kuwaita wenzake mezani. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Mfadhili akiondoka

Juni 2013 serikali ilitangaza kujifungua bure katika vituo vya umma, ikaja Linda Mama, na tangu Oktoba 2024 mambo hayo yamehamia kwa mamlaka mpya ya SHA. Kila mabadiliko kama hayo humwacha mama fulani mlangoni akiulizwa kama amesajiliwa. Sajili nyumba yako kabla ya mimba kufika miezi tisa. Mapema 2025 nayo, Marekani ilisimamisha misaada yake, na miradi mingi ya afya ikafungwa ghafla.

Funzo ni moja: vitu vya kununuliwa mara moja vyaweza kuletwa na mfadhili, lakini vitu vya kila siku havina budi kuwa katika bajeti ya kaunti. Mafuta, mishahara ya wauguzi wa usiku, matengenezo ya friji, dereva wa zamu. Mradi usiosema toka siku ya kwanza nani atalipa hayo mwaka wa nne ni mradi wa picha.

Maswali ya kwenda nayo

Kila mwaka kaunti yatakiwa kisheria kuwashirikisha wananchi katika bajeti, kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza Julai 1. Wengi wetu hatwendi, na wakienda wazee huuliza barabara na madarasa. Mwaka huu uliza haya pia. Ambulensi yetu, au boti yetu, ilipata lita ngapi za mafuta mwezi uliopita, na usiku nani huiendesha? Chumba cha upasuaji kilifungwa siku ngapi kwa kukosa damu au mtaalamu wa dawa ya usingizi? Friji ya dawa hukaguliwa na nani? Kutoka kijiji chetu mpaka upasuaji ni saa ngapi? Na mama akifa, je, kikao cha kuchunguza kilichomfikisha hapo kilifanyika, na kilibadilisha nini?

Swali hili la mwisho ndilo zito. Kikao kile si cha kumsaka muuguzi wa kulaumiwa. Ni cha kuhesabu saa: aliamua lini, aliondoka lini, alifika lini, alitibiwa lini. Pale palipopotea saa nyingi ndipo shilingi inayofuata inapostahili kwenda. Kaunti inayoweza kukujibu hivyo ina mradi wa afya ya mama, hata kama haijafungua jengo jipya mwaka huu.