Sura ya Sita: Mchanga Hauna Haraka

Ufukwe wa Bukoba umetazama mashariki, hivyo jua huchomoza kutoka ziwani, upande wa kisiwa cha Musira. Kabla ya saa moja asubuhi, siku isiyo na mvua, upepo huwa umetulia. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka bara kwenda ziwani; mchana mambo hugeuka. Alfajiri upepo wa kutoka ziwani huwa bado haujaanza, na Ziwa Victoria, linalojulikana kwa mawimbi yake, huwa shwari.

Anayekimbia hapo saa hizo hurudi nyumbani roho imetulia. Wengi husema ni kwa sababu ya ukimya na mandhari. Vyote vina mchango, lakini kuna sababu nyingine iliyo chini ya nyayo zake.

Mwaka 1998 watafiti wa Ubelgiji walionyesha kwamba kukimbia kwenye mchanga kunatumia nguvu mara 1.6 ya kukimbia kwenye ardhi ngumu. Mguu unapozama, sehemu ya nguvu inaishia kusukuma mchanga badala ya kukupeleka mbele. Ukilazimisha kasi uliyoizoea kwenye lami, pumzi itakuishia mapema. Apende asipende, mkimbiaji hupunguza mwendo.

Na mwendo wa wastani una faida yake kichwani. Kwa miaka mingi raha ya kukimbia ilihesabiwa kuwa kazi ya kemikali za mwili ziitwazo endofini. Tatizo ni kwamba endofini zilizomo kwenye damu hazipenyi kwa urahisi kuingia kwenye ubongo. Mwaka 2021 watafiti wa Hamburg, Ujerumani, waliwapa wakimbiaji dawa inayozuia kazi ya kemikali za jamii hiyo, kisha wakawakimbiza dakika 45. Raha ikaja vilevile, na wasiwasi ukapungua. Macho sasa yako kwa anandamaidi, kemikali iliyotambuliwa mwaka 1992, ambayo mwili huitengeneza wenyewe na ambayo huingia kwenye ubongo bila shida. Utafiti wa David Raichlen na wenzake nchini Marekani uliona kemikali hiyo ikipanda kwa mazoezi ya wastani. Kutembea taratibu hakukutosha, na kujikamua mpaka mwisho hakukuipandisha vivyo hivyo.

Kwa hiyo mchanga hufanya kazi ya kocha mwenye subira: unakuzuia usipite kiasi. Ila uchague mchanga wenyewe. Ulio mkavu huporomoka. Uliojaa maji humeza mguu. Katikati yake kuna ukanda wenye unyevu, ambapo maji kidogo kati ya punje huzishikamanisha, na unyayo unaacha alama safi bila kuzama. Baharini maji yakipwa ukanda huo hupanuka sana. Ziwani hakuna kupwa wala kujaa kwa kuonekana, kwa hiyo unabaki mwembamba, kando tu ya mawimbi. Kuufuata kunataka macho: hapa kuna kamba ya mtumbwi, pale wavu, mbele dagaa wameanikwa na inabidi uwazunguke kwa mbali. Ni kazi ndogo, lakini inatosha kuyaondoa mawazo kwenye madeni na mabishano ya jana.

Kanuni ni chache. Kimbia kwa mwendo unaokuruhusu kuwasalimia wavuvi mwaloni kwa sentensi nzima bila kuhema. Ufukwe umeinama, mguu mmoja hubeba zaidi. Rudi kwa njia ileile ili mzigo ugawanyike. Vaa viatu, kwani ndoano huzikwa mchangani. Usijipoze miguu kwenye maji yaliyotuama penye majani, makazi ya konokono wanaoeneza kichocho. Na saa ya mkononi iache nyumbani. Mbio za kutafuta muda bora zina sura yake mbele. Za sura hii hazipimwi kwa dakika.