Masafa yaleyale, redio mbili

Ndugu viongozi wa familia zilizohama, redio mbili zikirusha kwenye masafa yaleyale hapa Kolwezi, hatusikii hata moja. Ndiyo sababu sheria ya 2002 iliipa ARPTC kazi ya kugawa masafa nchini Kongo.

Lakini si lazima mmoja ayashike siku nzima. Kule Marekani redio ndogo za FM, zilizoruhusiwa tangu 2000, zaweza kupokezana saa.

Wakumbukeni Wakasai waliofukuzwa mwaka 1993, waliongoja treni kwenye stesheni za Kolwezi na Likasi. Anayetafuta mtoto wake stesheni hahitaji kumiliki redio. Saa moja yamtosha. Kwa hiyo tunashauri muanze kwa kuomba saa kwenye redio yenye kibali, mkiandikiana nani atasema, na kwa lugha zipi.