Mashine za ayoni na mtoto mwenye pumu



Mama mmoja wa hapa Madibira aliniletea mtoto aliyebanwa na kifua. Alikuwa ameuza magunia mawili ya mpunga akanunua mashine ya "kusafisha hewa", kisha akamwachisha mtoto dawa yake ya kuvuta. Kwa hiyo leo tueleze mashine hizi zinavyofanya kazi.

Ayoni hasi ni chembe ndogo mno ya hewa iliyopata elektroni ya ziada. Maji yanayoanguka na kupasuka juu ya miamba huzizalisha kwa wingi. Philipp Lenard alilieleza jambo hili mwaka 1892. Ndiyo maana huwa nyingi penye maporomoko.

Baadhi ya mashine hutumia maji pamoja na dayoksaidi ya titani, ule unga mweupe unaotiwa kwenye rangi za nyumba. Unga huo ukipigwa na mionzi ya urujuanimno huachia elektroni. Oksijeni ya hewani huzipokea ikawa ayoni hasi, na chembe za maji huizunguka na kuifanya idumu zaidi.

Hata hivyo, kudumu kwenyewe ni sekunde au dakika chache. Tena moshi na vumbi huzimaliza upesi, kwani ayoni hunasa humo. Vumbi lililonaswa halitoweki. Hutua ukutani na mikekani, na ukifagia huruka tena. Basi penye jiko la mafiga, au wakati wa kupura mpunga, mashine itashindwa. Mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2003 hayakuona kuwa mashine za ayoni zinawapa nafuu wenye pumu. Nyingine hutoa ozoni, gesi inayodhuru mapafu.

Tufanye nini?

1. Usiache dawa ya pumu bila kumuuliza tabibu.
2. Pikia nje au jiko liwe na bomba la moshi. Tumia kuni kavu, na mtoto asikae jikoni.
3. Futa vumbi kwa kitambaa kibichi. Anika mikeka na magodoro juani.
4. Mtoto akipumua haraka, mbavu zikibonyea ndani, au akishindwa kunyonya au kuzungumza, mkimbize hospitali.

Mtoto yule alirudishiwa dawa, na mama akahamishia jiko uani. Kulinda afya ni amana, ndugu zangu. Tusiiuze kwa maneno ya mfanyabiashara.