Chumba Kimoja, Habari Mbalimbali

  Fungueni madaftari yenu. Leo tutazungumza juu ya sinema ya kuchekesha. Lakini ndani ya kicheko chake mna maisha ya mtu.

Watu wa Mgololo mnaijua karatasi tangu mwanzo wake. Mnaona mipaina ikikatwa na magogo yakipelekwa kiwandani. Karatasi ikitoka kiwandani haina neno lolote. Neno huandikwa na mtu, na mtu aweza kukosea, tena aweza kusema uongo. Likumbukeni jambo hili.

Sinema yenyewe inaitwa His Girl Friday. Ilitengenezwa Marekani na Bwana Howard Hawks, ikaanza kuonyeshwa mwaka 1940. Ilitokana na mchezo wa kuigiza wa Ben Hecht na Charles MacArthur, uliochezwa New York mwaka 1928. Mabwana hao wawili walikuwa wameandika habari za magazeti mjini Chicago, kwa hiyo kazi hiyo waliijua vizuri.

Katika mchezo ule, mwandishi wa habari aitwaye Hildy alikuwa mwanamume. Hawks alimgeuza kuwa mwanamke, na aliyemwigiza ni Bibi Rosalind Russell. Hapa Tanzania pia wanawake wamo katika kazi hii. Mwaka 1987 waliunda chama chao, TAMWA.

Mkubwa wa Hildy ni Walter, mhariri. Mhariri ni mtu anayechagua na kusahihisha habari zitakazochapwa. Walter alikuwa mume wa Hildy, wakaachana. Sasa Hildy anataka kuacha kazi aolewe na bwana mwingine, mtu mpole anayeuza bima. Walter hakubali kumpoteza mke na mwandishi kwa siku moja. Anafanya hila nyingi, hata yule mchumba maskini anakamatwa na polisi mara kwa mara bila kosa.

Watu hawa husema upesi sana. Mmoja hajamaliza, mwenzake ameanza. Hawks alifanya hivyo kwa makusudi. Maneno yasiyo na uzito aliyaweka mwanzo na mwisho wa sentensi, ili sauti zikiingiliana maana isipotee.

Sasa sikilizeni kwa makini. Katika mji huo yuko mfungwa, Earl Williams, aliyemwua askari polisi. Atanyongwa kesho yake asubuhi. Wako watu wanaosema kwamba akili yake si timamu. Lakini uchaguzi umekaribia, na meya wa mji anataka anyongwe upesi ili apate kura. Mjumbe anakuja na barua ya gavana ya kuzuia mtu huyo asinyongwe. Meya anamwambia arudi nayo, ajifanye hakuileta, naye atapewa kazi nzuri. Maisha ya mtu yanategemea karatasi moja, na karatasi hiyo inafichwa!

Waandishi wa habari nao wanafanya nini? Wamekaa chumbani wakicheza karata. Msichana mmoja, Mollie, anawalaumu kwa uongo waliouandika juu yake na Earl. Wanamcheka. Hildy peke yake ndiye aliyekwenda gerezani, akaketi na mfungwa, akamwuliza, akamsikiliza.

Baadaye Earl anatoroka. Hildy na Walter wanamficha ndani ya meza kubwa yenye kifuniko, katika chumba kile kile cha waandishi. Mwishowe anakamatwa humo. Mara kila mwandishi anashika simu. Mmoja anasema mfungwa alipigana sana. Mwingine anasema alitaka kupiga bunduki, ikakataa. Mwingine anasema alikutwa amezimia. Wote walikuwa chumba kimoja, wakitazama jambo moja! Watazamaji hucheka hapo, lakini kesho yake watu wa mji watanunua magazeti hayo na kuyaamini.

Bahati njema, mjumbe anarudi na barua ya gavana, na Earl anaokoka. Aliokolewa na mjumbe aliyekataa kununuliwa.

Ndugu zangu, mmejitahidi sana kujifunza kusoma. Yuko mtu anayefikiri kwamba neno likichapwa limekwisha kuwa kweli. Sivyo. Usomapo habari, jiulize: Nani amesema? Je, alikuwapo? Nani atafaidika nikiamini? Na yule anayesemwa, je, ameulizwa? Ni vivyo hivyo kwa maneno ya redio, pamoja na haya yangu.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini meya aliificha barua ya gavana?
2. Hildy alifanya jambo gani ambalo wenzake hawakulifanya?
3. Watu watatu waandike, kila mmoja peke yake, habari ya jambo moja lililotokea kijijini juma hili. Kisha zisomwe kwa sauti. Je, zinalingana?