Kazi za utafiti: binti zetu nao wajaribu



Katika mikutano yetu hapa Kamanyola, swali moja linarudi kila mara: «Binti akimaliza chuo kikuu, atafanya nini isipokuwa kufundisha?» Kufundisha ni kazi nzuri, sisi walimu tunaishi nayo. Lakini iko kazi nyingine ambayo hatuizungumzi nyumbani: kazi ya utafiti.

Kutafiti ni kuuliza swali, kulifuata kwa utaratibu, na kuandika jibu ambalo wengine wanaweza kulipima. Kwa nini majani ya mihogo yanajikunja na kugeuka manjano? Kwa nini mtoto anakula kila siku lakini miguu yake inavimba? Maswali hayo sisi tunayaishi.

Vituo haviko mbali. Lwiro, huko Kabare, kuna CRSN, iliyoanzishwa mwaka 1947: wanachunguza mimea, wanyama, matetemeko ya ardhi na lishe ya watoto. Mulungu, INERA wanachunguza mbegu na mazao. Uvira, CRH wanachunguza maji na samaki wa ziwa Tanganyika. Bukavu kuna UOB, UCB, UEA, ISP na ISDR.

Tusifikiri ni udaktari na kilimo peke yake. Mwenye kusoma sheria anaweza kuchunguza urithi wa mashamba kwa wajane. Wa uchumi, biashara ya wamama wanaovuka mpaka kwenda Bugarama. Wa lugha au historia, naye ana swali lake.

Kazi hii ni ngazi. Katika chuo kikuu mtu anaanza asistanti, anakuwa shefu wa kazi, kisha akipata doktora anaweza kuwa profesa. Kwa mpango wa LMD, lisansi ni miaka 3, masta 2, doktora 3. Alama nzuri ndizo zinazotazamwa kwanza. Kwa hiyo tusimtoe binti darasani kila siku ya soko.

Iko pia ngazi ya chini: kupita nyumba kwa nyumba na karatasi ya maswali. Hapo anatafutwa mtu anayejua Kiswahili, Mashi au Kifuliiru. Ni kazi ya siku chache, lakini inaandikwa kwenye CV.

Matangazo mengi yanabandikwa kwa Kifaransa kwenye valve ya fakilte, na siku za kujibu ni chache. Asiye na dosye tayari anachelewa. Ndani yake muweke: barua ya kuomba kazi, CV, nakala za diploma na za alama, na kadi ya uchaguzi. Vifungwe kwenye plastiki, mahali pa kushika haraka. Sisi tuliokimbia tunajua: nguo zinanunuliwa tena, diploma iliyoungua inasumbua miaka.

Tuwaonye pia. Anayeomba pesa ili akupe kazi ni mwizi. Anayemwita binti hotelini jioni «kwa mahojiano» hatafuti mtafiti. Binti atuambie bila kuogopa, nasi tusimgombeze.

Ombi letu: kila kikundi cha AVEC kiandike majina ya mabinti wanaomaliza humanités mwaka huu na walioko chuo kikuu. Na siku mmoja wao akiitwa kwenye mtihani wa kazi Bukavu, pesa ya gari ya kupanda Ngomo isimzuie. Tukichangia kidogo kila mmoja, atafika.